Risasi za Fundi Saa

Watu wa kambi walimwita Dada Chumvi, na si kwa ubaya. Kazi yake ilikuwa kuchuna wanyama walioletwa na wawindaji, kukwangua ngozi na kuzipaka chumvi mpaka zikauke. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilikuwa imemkausha vidole vikawa vya mtu mwenye umri mara mbili ya wake. Ila jina lilikuwa na utani wake pia. Mdogo wake wa tumbo moja, ambaye ndiye aliyekuwa mwongozaji wa wawindaji pale kambini, kila akimsikia anasimulia jambo humkatiza: "Punguza, dada, punguza. Mboga imeshakolea."

Bandani kwake, juu ya meza ya saruji, kulikuwa na rafu ya chupa za jamu. Kila kichwa cha risasi alichokitoa ndani ya mnyama alikiosha, akakitia chupani pamoja na kikaratasi: mnyama gani, umbali gani, kiliingilia wapi, kiliishia wapi. Wengine walimwona ana wazimu kidogo. Lakini yeye alikuwa na sababu yake. Sheria ya kazi ile ni moja: mgeni hupiga, mwongozaji humalizia. Mnyama akijeruhiwa akaingia kichakani, si mgeni anayemfuata humo. Ni mdogo wake, yule aliyembeba mgongoni mama yao alipofariki, akamtafunia chakula kabla hajaota meno. Kwa hiyo risasi ya kila mgeni ilikuwa jambo la nyumbani kwake, kama mke anavyotaka kujua breki za gari la mumewe.

Mgeni wa mwezi ule alikuwa fundi saa aliyestaafu, mtu mfupi, msafi, mpole wa maneno. Maisha yake yote alikuwa amekaa dirishani na saa za watu, na kila Jumapili alikwenda kupiga shabaha. Vikombe vya ushindi alikuwa navyo mpaka mkewe akaanza kupandia maua. Risasi zake alizijaza mwenyewe kwa mkono, baruti akiipima chembe kwa chembe. Sasa alitaka kuwinda, tena kwa mbali, mita mia tano, mia sita, mia saba, huko ambako wengine hata mnyama hawamwoni vizuri.

Siku aliyofika alipitishwa bandani kusalimia, naye akatoa risasi moja mfukoni akaiweka mezani. Kichwa chake kilikuwa kirefu, chembamba, ncha kali yenye kitundu kidogo mno. Dada Chumvi akakigeuzageuza.

"Hii ni ya kupigia karatasi," akasema.

"Ni ya mashindano, ndiyo," akakubali Fundi Saa. "Inakata upepo kuliko zote. Ukiitupa mbali, haipotezi mwendo upesi, wala haiyumbi. Inafika pale pale ninapotaka. Hiyo siyo sifa kubwa ya risasi?"

"Kufika ni safari. Ikishafika inafanya kazi gani?" Akachukua chupa moja, akamwonyesha kichwa cha risasi ya kuwindia, ncha imefunguka na kutandazika kama uyoga. "Hii ikigusa nyama inachanua. Inakata njia pana, mnyama anaanguka. Yako ina ganda jembamba la shaba, na haikutengenezwa ichanue. Karatasi haina mifupa, mzee wangu. Wala karatasi haikimbii."

Mwongozaji akacheka akamshika mgeni bega. "Usimsikilize sana. Unajua kwa nini anaitwa Chumvi?" Wote wakacheka, hata yeye. Lakini habari ikazunguka kambi nzima kwamba Dada Chumvi amezikataa risasi za mgeni mchana kweupe, na Pua, msoma nyayo wa kambi, aliisimulia jikoni kwa siku mbili.

Haya. Siku ya kwanza ya kuwinda Fundi Saa akampiga nyumbu kwa mita mia nne. Nyumbu akapiga hatua tatu akalala. Dada Chumvi alipomfungua alikuta mapafu yamekuwa uji. Risasi ilikuwa imeingia kwa tundu dogo, ikapasuka ndani kabisa, pale inapotakiwa. Alitafuta kosa akalikosa. Akaandika kikaratasi kwa mwandiko wa mtu aliyenuna.

Siku ya pili akapigwa pofu, mnyama mzito kama ng'ombe, kwa mita sabini tu, maana walikutana naye ghafla njiani. Risasi ikampata kwenye mfupa wa bega, ikavunjika vipande vipande hapo hapo. Nyama ya bega iliharibika yote, na moyo haukuguswa. Mwongozaji akalazimika kummalizia kwa bunduki yake kubwa. Dada Chumvi alichokonoa vipande kumi na saba, akavipanga mezani, akamwita mdogo wake aje aone. Mwongozaji akatazama, akakuna kidevu. "Ilikuwa karibu mno," akasema. "Kwa mbali inakwenda vizuri."

Siku ya tatu Fundi Saa mwenyewe alikuja bandani kabla ya kwenda porini. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi. "Mwalimu," akasema, "nionyeshe chupa zako."

Mwalimu! Miaka kumi na tisa, wageni wangapi wamepita, hakuna aliyewahi kuketi kwenye ndoo ile. Walikuja kupiga picha na pembe wakaondoka. Huyu alifungua daftari lake, mwandiko mdogo mdogo kama wa duka la dawa, akaandika kila alichoambiwa. Aliuliza maswali ya mtu mwenye akili. Alisema kazi ile inastahili kitabu. Na Dada Chumvi, mwanamke asiyebabaishwa na fisi wala meneja, akajisikia amekua inchi mbili. Sifa ni tamu, tusidanganyane. Hata kilemba cha ukoka ukivishwa vizuri huwa hutaki kukivua, na cha Fundi Saa hakikuwa cha ukoka, kwa sababu alimaanisha kila neno.

Alasiri ile wakarudi na nyumbu mwingine, aliyepigwa kwa mita mia saba na kumi. Alianguka papo hapo, kama aliyekatwa nyuzi. Kambi nzima ikatoka kushangilia. Dada Chumvi akamtundika kwenye mnyororo, akamchuna, akafuata njia ya risasi kwa kidole.

Risasi haikuchanua. Kwa umbali ule ilikuwa imechoka, mwendo haukutosha kuifungua, ikapita upande hadi upande kama sindano ya kushonea magunia. Pafu lilikuwa zima, lina kitundu tu. Nyumbu alianguka kwa sababu moja: risasi ilipanda juu kidogo ikakata uti wa mgongo. Ingepita kiganja kimoja chini, angeondoka zake anatembea.

Fundi Saa alikuwa amesimama karibu, daftari mkononi, uso umemeremeta kama wa mtoto wa sikukuu. "Umeonaje, mwalimu?"

Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Akayameza. "Imepita safi," akasema.

Si uongo. Ilipita safi. Ndiyo shida ya maneno ya namna ile.

Mdogo wake alikuwa bombani ananawa mikono. Akageuka, na safari hii hakuwa na utani. "Dada, hebu niambie. Kesho anataka palahala, ng'ambo ya bonde, na pale hatuwezi kusogea, tutapiga kwa mbali. Wewe ndiye unayeziona ndani. Zinafaa au hazifai?"

Wanaume wawili wakamtazama. Mmoja alimwita mwalimu, na mwingine, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, alikuwa anamuuliza badala ya kumtania.

"Zinafaa," akasema. "Mradi alenge vizuri."

Na kulenga kwa Fundi Saa hakukuwa na mjadala. Dada Chumvi alijiambia jioni atamvuta mdogo wake pembeni amweleze habari ya uti wa mgongo. Jioni ikaja na mazungumzo, na Fundi Saa akasimulia saa ya bwana mmoja aliyeimeza kwa bahati mbaya ikaendelea kutembea tumboni, watu wakacheka mpaka machozi. Mambo ya uti wa mgongo yakasubiri.

Siku ya nne walirudi saa sita mchana, palahala dume nyuma ya gari. Palahala ni yule swala mkubwa mweusi, pembe zimepinda nyuma mpaka kukaribia mgongo, na si mnyama wa kuchezea. Akijeruhiwa hakimbii mbali. Hulala kichakani akakusubiri, na pembe zile anajua kuzitumia.

Mwongozaji alisimulia huku wanamshusha. Madume sita walikuwa ng'ambo ya bonde, mita mia saba na ishirini. Fundi Saa akapiga. Dume likasimama tu, halikushtuka wala kuinama, kisha likaingia kichakani taratibu na wenzake. Wakazunguka bonde mpaka pale liliposimama. Pua akapiga magoti, akatafuta damu, unywele, mchanga uliokanyagwa vibaya. Hakuna kitu. "Kakosa," akasema Pua. Muda mfupi baadaye dume likatokea upande wa pili wa kichaka, mita mia nne, Fundi Saa akapiga tena, likalala. Ndilo hili.

"Upepo ulinidanganya ile ya kwanza," akasema Fundi Saa. Hakuwa na raha. Mtu aliyezoea kutokosa, akikosa mara moja anatembea kama kiatu kimembana.

"Nimesahau darubini yangu juu ya mti pale kichakani," mwongozaji akasema. Akawasha pikipiki. Redio yake aliiacha kwenye chaji. Bunduki yake kubwa alikuwa ameshaifungia kwenye kabati la chuma, na ufunguo ukawa mfukoni mwake. "Narudi sasa hivi. Mniwekee chai."

Dada Chumvi akaanza kuchuna. Tundu la kuingilia lilikuwa nyuma ya bega, na la kutokea upande wa pili, pana kama kikombe. Kazi nzuri ya mita mia nne. Alikuwa anafika kwenye mbavu aliposimama na kisu mkononi.

"Mzee," akamwita Fundi Saa. "Ile ya kwanza ulilenga wapi?"

"Nyuma ya bega. Katikati."

"Nayo ikakosa."

"Ikakosa."

"Nisomee kwenye daftari lako. Kwa mita mia saba, umepiga ngapi za kujaribu, na ile mbaya kuliko zote ilikwenda wapi?"

Fundi Saa akafungua kurasa. "Mia mbili na arobaini," akasema. "Mbaya kuliko zote..." Akaweka kiganja hewani kupima. "Kiganja kimoja kutoka kwenye alama."

Dada Chumvi akaweka kiganja chake kwenye kifua cha palahala, kisha cha pili, kisha cha tatu, na bado palibaki nafasi. Alimalizia kuchuna upesi kama anayekimbizwa, akaishika ngozi kwa ncha mbili, Pua akashika upande wa pili, wakainyanyua mbele ya mlango kama mtu anayekagua ndoo iliyotoboka. Mwanga ulipenya sehemu mbili tu, pale ilipoingilia na pale ilipotokea. Akailowesha manyoya, akayachana kwa mgongo wa kisu, kila kiganja cha ngozi. Hapakuwa na tundu jingine.

"Hukukosa," akamwambia Fundi Saa. "Wewe hukosi. Huyu ni mwingine."

Pua akaanza kukataa. "Hakukuwa na damu, naapa, nimetafuta kwa..."

"Damu itoke wapi? Tundu la sindano! Ngozi imeteleza juu yake ikaziba. Yule wa kwanza yumo kichakani, na yumo hai. Washa gari!"

Kufika ni dakika ishirini. Dada Chumvi alihesabu kila shimo la barabara ile na kulilaani moja moja. Fundi Saa alikuwa nyuma na bunduki yake, risasi zake zile zile, kwa sababu nyingine ilikuwa kabatini. Pua aliendesha huku midomo ikicheza, labda dua.

Pikipiki waliikuta imesimama vizuri kwenye kivuli. Darubini haikuwepo mtini. Mwongozaji alikuwa hatua thelathini ndani, amelala kiubavu nyuma ya gogo, mikono yote miwili imeng'ang'ania goti la kushoto. Na mbele ya gogo palahala alikuwa amepiga magoti, anahema, damu nyembamba puani, anajaribu kuinuka tena.

"Usipige bega!" Dada Chumvi akapiga kelele. "Hapa ni karibu, itapasukia kwenye mfupa! Shingo! Shingo!"

Fundi Saa alipiga shingo. Mnyama akalala. Ilikuwa risasi ya hatua kumi na tano tu.

Pembe ilikuwa imeingia juu ya goti na kulipasua kwenda chini. Dada Chumvi alijua kila mshipa wa paja, jina lake na njia yake, lakini aliujua kwenye nyama iliyokwisha kunyamaza. Huu mshipa ulikuwa unapiga chini ya vidole vyake. Akaubana. Akaubana njia nzima mpaka hospitali, mwendo wa saa mbili na nusu, kichwa cha mdogo wake mapajani, na walipofika ilibidi muuguzi amfungue vidole kimoja kimoja.

Daktari alisema ataishi. Alisema mguu utabaki. Siku ya tano ya kulazwa akasema goti halitakunjika tena, na mwongozaji akauliza swali moja tu, kama kuna uwezekano wa kutembea porini, na daktari akajibu kwa kumshika bega.

Fundi Saa alikuja kila siku, akakaa kwenye kiti cha ukutani, kofia mapajani. Alisema kosa ni lake, akalirudia kwa kila aliyeingia, hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakalijua kosa lake. Huko kambini nako maneno yalikuwa moto. Kila mtu alikumbuka siku ile ya kwanza, karatasi haina mifupa, karatasi haikimbii. Meneja alimpa Dada Chumvi mkono. Mpishi alisema yule mama ana jicho la ndani. Naye alipokea mikono yote ile kimya, na kimya chake wakakiita unyenyekevu.

Jumamosi Pua alikuja wodini na machungwa. Mtu wa watu, hawezi kuona huzuni bila kuitania. Akamenya chungwa, akamgawia mgonjwa, akashika la pili, akaanza. "Wewe nawe ulizidi. Dada yako kasema tangu mwanzo, mbele ya kambi nzima, hizi risasi si za mnyama. Kasema, hakusema? Ukamcheka. Sasa ndiyo haya. Wahenga hawakukosea, bwana. Asiyesikia la mkuu..."

"Mimi nilisikia," mwongozaji akasema.

Hakumtazama dada yake. Alitazama dari, pale rangi ilipobanduka. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilimuuliza kama zinafaa. Akasema zinafaa. Sasa, kama risasi inafaa na damu hakuna, si maana yake kakosa? Ndivyo nilivyofikiri pale kwenye pikipiki. Nilikuwa nimeshika ufunguo wa kabati, nikasema, bunduki ya nini."

Pua alibaki na chungwa mkononi. Akamgeukia Dada Chumvi, akingoja acheke, au akanushe, au amwambie mgonjwa ana homa. Fundi Saa naye aliinua kichwa. Alikuwepo bandani siku ile, aliyasikia maneno yale kwa masikio yake, na wiki nzima hakuwa ameyataja kwa mtu.

"Ni kweli," Dada Chumvi akasema. "Niliona haifai. Nikasema inafaa."

Mdogo wake akafumba macho. Alikuwa amengoja siku tisa alisikie hilo, na sasa alipolisikia hakuwa na la kulifanyia. Akamwambia Pua ammalizie kumenya chungwa.